Vyakula vya ajabu na safari za wikendi zisizozoeleka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Chakula gani kinastahili kufungiwa safari?

Kile kinachokueleza mahali kilikotoka. Mlo mtamu unaweza kupikwa popote, lakini kuna vyakula ambavyo ukivitenga na ardhi yao, baridi yao au njaa yao ya zamani, huwezi kuelewa kwa nini mtu yeyote alianza kuvila. Hivyo ndivyo vya kufuatwa.

Mfano ninaoupenda ni hákarl ya Iceland. Ni nyama ya papa wa Greenland, na ikiwa mbichi ina sumu, kwa sababu imejaa kemikali iitwayo trimethylamine oxide. Watu wa zamani waliifukia kwenye changarawe ya pwani, wakaikandamiza kwa mawe, wakaacha majimaji yatoke kwa wiki kadhaa, kisha wakaitundika miezi mingi kwenye banda linalopitisha upepo. Huko Bjarnarhöfn, kwenye rasi ya Snæfellsnes, mgeni huonyeshwa banda hilo. Minofu mikubwa inaning'inia kwenye maboriti ikiwa na ganda gumu la kahawia. Ganda likikatwa, ndani nyama ni nyeupe yenye umanjano, na huwekwa mezani kwa vipande vidogo sana, kila kimoja na kijiti chake. Amonia hukupanda puani kabla ulimi haujagusa kitu.

Sasa nenda kusini magharibi mwa Korea Kusini. Utakuta hongeo, yaani samaki aina ya taa aliyeachwa achache mpaka atoe amonia ileile. Wakorea na watu wa Iceland hawakuigana. Papa na taa hutunza urea, kemikali inayopatikana pia kwenye mkojo, mwilini ili wahimili maji ya chumvi, na wakishakufa bakteria huigeuza urea hiyo kuwa amonia, nayo huzuia vijidudu vingine visiiozeshe nyama. Masimulizi ya huko yanasema kuwa wavuvi wa Kisiwa cha Heuksando walisafiri siku nyingi kupeleka samaki bandari ya Yeongsanpo, na taa ndiye aliyefika akiwa bado analika. Ukishajua hilo, ile harufu inakuwa na maana. Unakula suluhisho la tatizo ambalo watu walikuwa nalo kweli.

Kwa nini nisisubiri chakula hicho kinifikie mjini kwangu?

Vingine hufika, na hakuna ubaya kuvila huko. Jibini ya Roquefort, yenye madoa ya ukungu wa buluu, inapatikana katika miji mingi mikubwa duniani. Lakini ni kule Roquefort-sur-Soulzon, kusini mwa Ufaransa, unapoingia kwenye mapango ya mlima Combalou na kuhisi upepo baridi wenye unyevu ukipita kwenye nyufa za mwamba. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini sheria ya Ufaransa ya 1925 iliilinda jibini hiyo na kuifunga na mahali hapo. Ule ukungu wa buluu unahitaji upepo ule.

Nitavijuaje vyakula hivi? Kila nikitafuta napata orodha zilezile kumi.

Orodha hizo huandikwa na watu wanaonakiliana. Acha kutafuta "vyakula vya ajabu" na utafute mahali kwanza, kisha uliza watu wa pale hula nini ambacho jirani zao wa kilomita mia moja hawali.

Kuna rejesta mbili ambazo wasafiri wengi hawazitumii, nami naziona hazina kubwa. Ya kwanza ni ya Umoja wa Ulaya. Tangu 1992 umoja huo una sheria ya kulinda majina ya vyakula vya maeneo, na rejesta yake, eAmbrosia, iko wazi kwa mtu yeyote mtandaoni. Kila chakula kina maelezo rasmi: mipaka ya eneo, malighafi, namna ya kukitengeneza. Pasty ya Cornwall, andazi la Uingereza la kujazwa nyama na viazi lililoingia 2011, lazima iandaliwe Cornwall, na kingo zake zifungwe ubavuni, si juu. Maelezo hayo yanachosha kuyasoma, lakini yanakupa ramani: unajua mpaka unaanzia wapi na uulize nini ukifika. Ya pili ni Ark of Taste ya shirika la Slow Food, iliyoanzishwa 1996. Hiyo inaorodhesha vyakula vilivyo hatarini kupotea duniani kote, kwa maelfu, na vingi havijawahi kuonekana kwenye tangazo lolote la utalii.

Baada ya hapo, angalia mbao za matangazo. Nasema hivi kwa dhati kabisa. Gazeti la wilaya, ukurasa wa kijiji, tangazo la kanisa au la chama cha wazima moto hukwambia mambo ambayo tovuti kubwa hazijui. Kule Minnesota na Wisconsin, Marekani, makanisa ya Kilutheri yenye asili ya Norway huandaa chakula cha jioni cha lutefisk kila vuli. Lutefisk ni samaki mkavu aliyelowekwa kwenye magadi makali mpaka akavimba na kuwa laini kama jeli, kisha akalowekwa tena kwenye maji safi siku kadhaa kabla ya kupikwa. Huwezi kuipata jioni ile kwa kuingia hoteli yoyote. Unaipata kwa kujua ni Jumamosi gani, katika kanisa gani, na kununua tiketi yako. Unaketi meza moja na bibi ambaye amekuwa akija tangu utotoni, naye atakuelekeza kumwagia siagi iliyoyeyushwa bila kuibania.

Njia nyingine ni kuuliza. Lakini ukiuliza "mgahawa gani mzuri hapa?" utaelekezwa kule wanakopelekwa wageni. Uliza hivi: "Mtu wa hapa akirudi kutoka mbali, anakimbilia kula nini kwanza?" Majibu hubadilika kabisa.

Wikendi ni siku mbili tu. Niipangeje?

Chakula kimoja, mahali pamoja, na jambo jingine moja la kuona njiani au jirani yake. Ukipanga zaidi ya hapo utakuwa unaendesha gari tu. Kwangu mimi kipimo ni saa tatu kwenda. Safari ya saa tano inakula nusu ya Jumamosi, na Jumapili yote unaiwaza barabara. Coober Pedy, mji wa Australia unaochimbwa opali, ambako wakazi wengi wanaishi kwenye nyumba zilizochongwa chini ya ardhi kukwepa joto, ni mahali pa kuvutia mno. Lakini upo zaidi ya kilomita 800 kutoka Adelaide, kwa hiyo hiyo ni safari ya likizo, usiilazimishe kuwa ya wikendi.

Kinachoharibu safari nyingi za aina hii ni kalenda. Chakula cha eneo kina msimu wake, na mara nyingi kina siku yake. Surströmming, ule samaki wa Sweden anayechachushwa mpaka kopo livimbe, kwa desturi hufunguliwa kuanzia Alhamisi ya tatu ya Agosti. Ukienda pwani ya Höga Kusten mwezi Machi utapata mandhari nzuri bila ile shamrashamra ya watu kula pamoja nje. Durian ya Penang, Malaysia, hushamiri kati ya Juni na Agosti. Soko kubwa la Tlacolula, katika jimbo la Oaxaca huko Mexico, ni la Jumapili. Ukifika Jumamosi umefika siku isiyo yake.

Kwa hiyo panga kwa kurudi nyuma. Anza na siku ya chakula, kisha tafuta pa kulala, kisha jambo la pili la kuona. Piga simu Alhamisi kuthibitisha kwamba wanafungua, kwa sababu biashara ya familia hufungwa kwa harusi, msiba au mvuvi kutoenda baharini, na mtandaoni haitaandikwa. Halafu acha Jumamosi mchana bila ratiba yoyote. Mwenyeji akikwambia "twende nikuonyeshe wanavyotengeneza," uwe na nafasi ya kumfuata.

Na hayo mambo ya kuona yasiyo ya kawaida, nayapata wapi?

Yako mengi kuliko watu wanavyodhani, hasa kwenye miji midogo ambayo magari hupita bila kusimama.

Alliance, Nebraska, huko Marekani, kuna Carhenge: magari ya zamani yaliyosimikwa wima na kupakwa rangi ya kijivu kwa kufuata mpangilio wa Stonehenge, lile duara la mawe ya kale la Uingereza, yaliyojengwa 1987 na mtu aliyetaka kumkumbuka baba yake. Mitchell, South Dakota, hukohuko Marekani, kuna jumba ambalo kuta zake hupambwa kwa picha zilizotengenezwa kwa magunzi ya mahindi ya rangi mbalimbali. Jumba la kwanza lilijengwa 1892. Baarle, kwenye mpaka wa Ubelgiji na Uholanzi, vipande 22 vya ardhi ya Ubelgiji vimezungukwa pande zote na Uholanzi, na mpaka umechorwa kwa misalaba myeupe barabarani, ukipita katikati ya nyumba na maduka.

Ninapotaka kumshawishi mtu asiyependa safari hizi, humtajia Nördlingen, Ujerumani. Ni mji wa zamani wenye ukuta wa mviringo, umekaa ndani ya kreta iliyochimbwa na kimondo takriban miaka milioni 15 iliyopita. Mawe ya kanisa lake kuu yalitokana na mshindo ule, na ndani yake mna almasi ndogo zisizoonekana kwa macho. Mwaka 1970 wanaanga wa mpango wa Apollo walipelekwa eneo hilo kujifunza kutambua miamba kabla ya kwenda mwezini. Wewe unapanda mnara wa kanisa asubuhi, unaiona kingo ya kreta ikizunguka upeo wote, kisha unashuka kula.

Mimi huvutiwa zaidi na mahali ambako kazi inaendelea kuliko mahali palipogeuzwa makumbusho. Guédelon, katika eneo la Burgundy huko Ufaransa, ngome inajengwa tangu 1997 kwa zana na mbinu za karne ya 13 tu. Mawe, mchanga na mbao vinatoka palepale. Mwashi atasimama akueleze kwa nini jiwe hili limekatwa hivi, na ukirudi baada ya miaka michache ukuta umepanda. Hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo angalia tarehe.

Nikifika, niagizeje bila kuonekana mgeni?

Utaonekana mgeni tu, na haina shida. Muhimu ni kujua kuwa pahali hapo pana utaratibu wake. Chili ya Cincinnati, mji wa Marekani, kwa mfano, ni mchuzi mwepesi wa nyama wenye harufu ya mdalasini, uliotokana na wahamiaji wa Kimasedonia miaka ya 1920, na huliwa juu ya tambi. Huagizwa kwa hesabu: ya tatu ni tambi, mchuzi na jibini, ya nne huongezwa kitunguu au maharage, ya tano ina vyote viwili. Wenyeji hawazungushi tambi kwenye uma, huzikata kwa ubavu wa uma. Ukiingia ukitarajia chili ya Texas utadhani umeletewa sahani ya mtu mwingine.

Agiza sahani ya kawaida kabisa mara ya kwanza, bila kubadilisha kitu. Mabadiliko yaje mara ya pili.

Je, vyakula hivi ni salama?

Vingi ni salama kwa sababu wenyeji wamejifunza kuvitengeneza kwa vizazi. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni kula mikononi mwa anayejua. Ackee, tunda la taifa la Jamaica, likiwa bichi lina sumu iitwayo hypoglycin. Lazima liachwe lipasuke lenyewe mtini, na sehemu ya kuliwa ni ile minofu ya manjano tu baada ya kusafishwa. Marekani ilizuia kuliingiza tangu 1973, na iliporuhusu ya makopo mwaka 2000 ilikuwa kwa watengenezaji waliokaguliwa. Samaki wa fugu huko Japani, mwenye sumu kali, anatayarishwa na mpishi mwenye leseni, na maini yake hayaruhusiwi kuuzwa mgahawani. Casu marzu, jibini ya kisiwa cha Sardinia, Italia, ambayo watu huila pamoja na funza hai walio ndani yake, imepigwa marufuku kuuzwa. Utakutana na watu watakaokwambia wanaweza kukupatia. Kama huwajui, achana nao, kwa sababu huna namna ya kujua imetunzwaje.

Lakini tusijidanganye kwamba kila cha jadi ni salama. Kaskazini mashariki mwa Thailand kuna chakula cha samaki wa mtoni aliyekatwakatwa mbichi na kutiwa ndimu na pilipili. Samaki hao hubeba minyoo ya ini, na eneo hilo lina saratani ya njia za nyongo kwa kiwango kikubwa sana kwa sababu hiyo. Ndimu haiui minyoo. Madaktari wa huko wenyewe wamekuwa wakiwasihi watu wapike samaki hao. Hapo usione aibu kukataa.

Kisha jitazame wewe mwenyewe. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asile natto, zile soya zilizochachushwa ambazo mji wa Mito, Japani, unajulikana nazo, kwa sababu vitamini K iliyomo huipunguzia dawa nguvu. Mwenye mzio wa kamba au kaa ajihadhari na panzi, viwavi na wadudu wengine, kwani protini inayosababisha mzio ipo kwao pia. Mjamzito aepuke jibini ya maziwa mabichi. Na mwenye mzio wowote aandike jina la kile kinachomdhuru kwa lugha ya mahali anapokwenda, kwenye karatasi, amwonyeshe mpishi mwenyewe na si mhudumu peke yake.

Dini yangu inakataza nguruwe na pombe. Nina nafasi hapa?

Nafasi kubwa sana. Uliza mafuta yaliyotumika, maana mafuta ya nguruwe hujificha kwenye unga wa mikate na maandazi ya maeneo mengi, na uliza kilichogandisha jibini, kwani kinaweza kutoka tumboni mwa mnyama. Hákarl huambatana na kinywaji kikali kwa desturi, lakini hakuna anayekulazimisha kunywa.

Kama unataka safari isiyo na wasiwasi, fuata socca ya Nice au farinata ya Genoa, ambayo ni ndugu yake. Ni unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, basi. Uji wake mwepesi humiminwa kwenye sinia pana la shaba na kusukumwa ndani ya tanuri la kuni lenye moto mkali mpaka juu paungue kidogo kwa madoamadoa, ndani pakibaki laini. Hukwanguliwa vipande visivyo na umbo, hunyunyiziwa pilipili manga, na huliwa kwa mkono ikiwa bado inaunguza vidole. Ikipoa imeharibika, kwa hiyo simama karibu na tanuri.

Kuna vyakula ambavyo hampendekezi kabisa?

Kuna viwili. Cha kwanza ni ndege mdogo aitwaye ortolan, ambaye Ufaransa ilimlinda kisheria mwaka 1999. Anayekuuzia leo anavunja sheria na kumaliza ndege. Na kahawa ya kopi luwak, ile ya punje zilizopita tumboni mwa ngawa. Ilianza kwa kuokota kinyesi cha wanyama wa porini, lakini umaarufu ulipokua, ngawa wengi waliishia kufungiwa kwenye vizimba vidogo na kulishwa buni. Watalii ndio wanaolipia vizimba hivyo.

Papa wa Greenland ananipa mawazo zaidi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulikadiria kuwa anaishi angalau miaka 272, na huchelewa mno kuanza kuzaa. Wengi wanaoliwa Iceland ni walionaswa kwenye nyavu za samaki wengine. Kwa hiyo onja kipande kimoja mahali wanapoweza kukueleza papa huyo alipatikanaje, na kimoja kinatosha.

Nikionja nikashindwa kumeza?

Tema kwenye karatasi kwa heshima, kunywa maji, sema asante. Usitoe sauti ya kichefuchefu na usikunje uso kwa ajili ya kamera. Aliyekuletea amekila tangu akiwa mtoto, na huenda mama yake ndiye aliyekipika.

Picha je?

Omba ruhusa, nunua kwanza, na piga baada ya kula. Kule Tlacolula wanawake huketi na vikapu vya panzi waliokaangwa na kutiwa chumvi, kitunguu saumu na ndimu, wamewapanga kwa ukubwa, na hukupa wachache uonje. Anayepiga picha na kuondoka bila kununua hata kikombe kimoja amemtumia mama wa watu kama mapambo.

Watoto wataweza?

Wataweza kuliko watu wazima, usipowaambia mapema kwamba kitu kinatisha. Waache waone kikitengenezwa, wape kipande kidogo, na uwe na mkate na matunda kwenye begi. Wasipotaka, yaishe hapo.

Naweza kurudi na chakula nyumbani?

Ndani ya nchi moja, kwa kawaida ndiyo. Ukivuka mpaka, soma sheria kabla ya kununua. Anayeingia Umoja wa Ulaya kutoka nje haruhusiwi kubeba nyama wala vyakula vya maziwa, isipokuwa kwa mambo machache. Australia inakutaka utangaze kila chakula, hata kiwe kidogo, na faini zao ni kubwa. Mwaka 2006 Air France na British Airways zilikataza makopo ya surströmming kwa sababu ya presha iliyomo, na Singapore hairuhusu durian kwenye treni zake za mjini. Vilivyokaushwa, kutiwa chumvi na kufungwa kiwandani vikiwa na lebo ndivyo vina nafasi nzuri zaidi ya kupita. Vitangaze forodhani, weka risiti karibu, na mwachie afisa aamue.